Mafuta ya Mgando na Mafuta ya Nazi Katika Baridi ya Arusha

Baridi ya Juni na Julai inapoingia Arusha, ngozi hupauka upesi, hasa miguuni na kwenye viwiko, na kwa mwenye bajeti ndogo chaguo huwa kati ya mafuta ya mgando na mafuta ya nazi. Mafuta ya mgando, yaliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1872, hayaongezi maji kwenye ngozi bali huyazuia yasipotee, ndiyo maana hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa visigino vilivyopasuka, ukilala na soksi, sijaona kinachoyashinda. Hata hivyo hunata na kushika vumbi.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye raha, nami nayapendelea kwa mikono na miguu. Kwa kuwa huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, asubuhi ya Julai utayakuta meupe na magumu koponi, ukachota kidogo kwa kijiko na kuyasugua viganjani hadi yayeyuke na harufu yake ijae chumbani. Usoni, lakini, huweza kuziba vitundu vya ngozi na kuleta chunusi, kwa hiyo mimi huishia nayo shingoni.