Karakana ya pampu Tegeta: mafundi wanaopima kisima kabla ya kuuza pampu

Pampu ya kisima chetu kirefu, Madale, Dar es Salaam, ilianza kwa kupandisha maji machache yenye mchanga, na mwishowe ikawa inaangusha sakiti breka kila inapowashwa. Fundi wa kwanza tuliyempigia simu alitamka palepale kuwa mota imeungua, akataja bei ya pampu mpya yenye nguvu kuliko ile ya zamani. Karakana ninayoitathmini hapa, ambayo ipo Tegeta, ilikataa kutaja bei ya pampu yoyote kabla ya kupima, na kwa sababu hiyo peke yake ningeipendekeza kwa kila mwenye kisima cha nyumbani.

Upimaji una ada yake, ambayo hupunguzwa kwenye bili iwapo utawapa kazi. Kazi ilianzia juu, kwenye boksi la kuwashia, ambako kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, ilikutwa nzima na umeme ulikuwa volti 226. Kisha walitumia mega, ile mita inayoonyesha kama umeme unavuja kupitia ganda la waya, na kipimo chake kilikuwa chini ya nusu megaomu kwa waya na mota kwa pamoja; namba ikiwa ndogo hivyo, umeme unavuja. Mafundi wengi huishia hapo na kuihukumu mota. Hawa waliivuta pampu, wakakata waya juu na chini ya kiungo chake kilicho karibu na mota, wakapima kila upande peke yake: mota ilivuka megaomu 100, na waya nao ulikuwa salama. Uvujaji wote ulikuwa kwenye kiungo, ambacho aliyekifunga miaka iliyopita alitumia tepu ya kawaida ya umeme, tepu ambayo haiwezi kuhimili kukaa ndani ya maji chini ya shinikizo la makumi ya mita.

Kiungo kipya, kilichofungwa kwa ganda la plastiki linalosinyaa kwa moto na lenye gundi ndani, kingetosha kuirudisha pampu kazini siku hiyohiyo. Hata hivyo, kiongozi wa mafundi alifungua sehemu ya impela, yale mapangaboi yanayosukuma maji, na kunionyesha kingo zilizolika kwa mchanga, akauliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kutuuliza: iko wapi ripoti ya uchimbaji wa kisima? Kwa bahati njema ilikuwa kabatini. Ilionyesha kuwa kisima kina kina cha mita 60 na kwamba chujio, yaani mabomba yenye matundu ya kuingizia maji, yapo kati ya mita 48 na 57. Pampu yetu ilikuwa imening'inizwa mita 55, katikati ya chujio, mahali ambapo mvuto wake unakokota mchanga moja kwa moja, na ambapo maji yanayoingia kutoka pembeni na juu hayapiti vizuri kandokando ya mota ili kuipoza.

Sehemu iliyofuata ndiyo niliyoiona ya thamani kuliko zote. Walishusha pampu yao ya majaribio pamoja na tepu ya kupimia usawa wa maji, wakaiendesha huku wakiandika namba kila baada ya muda. Maji yaliyotulia yalikuwa mita 19 kutoka juu. Yalipovutwa kwa kiasi cha lita 1,200 kwa saa yalishuka hadi mita 34 na kusimama hapo. Walipoongeza kasi, usawa uliendelea kushuka bila kutulia. Pampu ya zamani, ya kilowati 1.1, ina uwezo wa kusukuma zaidi ya lita 3,000 kwa saa kwa kimo cha kuyapandisha maji hadi kwenye tanki letu. "Mama, kisima hiki hakiwezi kuilisha pampu hii," alisema yule kiongozi. Kwa miaka yote hiyo mashine ilikuwa inamaliza maji, inavuta hewa na mchanga, na inajila yenyewe. Pampu kubwa zaidi, kama ile tuliyoshauriwa kwenye simu, ingeyafanya hayo yote kwa haraka zaidi.

Hesabu yao ilikuwa wazi kiasi kwamba mtu asiye fundi angeweza kuifuata: mita 34 za kuyainua maji hadi usawa wa ardhi, mita 7 za mnara wa simtanki, na mita 4 za kufidia msuguano ndani ya bomba, jumla mita 45. Walituuzia pampu ya kilowati 0.55 inayotoa takriban lita 1,200 kwa saa kwenye kimo hicho, na wakaitundika mita 45 kutoka juu, pakiwa na mita 11 za maji juu yake na chujio chini yake. Familia yetu haimalizi lita 1,000 kwa siku, kwa hiyo pampu hii ndogo inamaliza kazi yake ndani ya saa moja, ikitumia takriban nusu ya nguvu ya umeme ya ile ya awali. Napenda kusisitiza jambo hili kwa sababu huku kwetu nguvu ya pampu imekuwa jambo la kujivunia kwa majirani, ilhali kinachoamua ni kiasi cha maji ambacho mwamba na mchanga wa chini unaweza kurudisha kisimani.

Waliongeza pia boksi la ulinzi linalozima pampu umeme unaposhuka chini ya volti 195, jambo la kawaida mtaani kwetu saa za jioni, au maji yanapokatika kwenye pampu. Kamba ya nailoni iliyokuwa imeanza kufumuka ilibadilishwa, na bomba jeusi lilipovutwa lililazwa juu ya turubai, halikuburuzwa kwenye udongo.

Kuna mambo wanayopaswa kuyarekebisha. Walichelewa kwa saa kadhaa bila kupiga simu, nasi tulikuwa tumeagiza maji ya boza kwa kutegemea muda waliotupa. Kutibu kisima kwa klorini baada ya kuingiza bomba na pampu hakukuwamo katika kazi yao mpaka nilipodai, ingawa mikono, kamba na mabomba yote yanayoshuka yanaweza kupeleka vijidudu majini. Baada ya kudai, waliifanya ipasavyo: dozi ya miligramu 50 kwa lita, maji yakaachwa usiku kucha, kisha yakamwagwa nje hadi harufu ilipokwisha. Huduma hiyo iwe sehemu ya kazi kwa kila mteja, hata asiyejua kuiomba.

Bei ya ufundi ni kubwa kuliko ya fundi wa mtaani, na sioni kosa hapo, kwa kuwa nilipewa risiti ya EFD pamoja na karatasi yenye vipimo vyote, ambayo fundi yeyote ajaye ataanzia hapo. Ninacholalamikia ni dhamana. Pampu ina dhamana ya mwaka mmoja, lakini kiungo cha waya walichokifunga wenyewe kina miezi mitatu tu. Kiungo kibovu huweza kukaa muda mrefu kuliko huo kabla ya kuanza kuvujisha umeme, na kukifikia ni lazima bomba lote livutwe upya. Nimewaomba waandike mwaka mmoja kwa vyote viwili, na msimamizi amekubali kufanya hivyo kwa kazi yetu. Kwa wateja wapya, nashauri sharti hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ya kulipa malipo ya awali.