Duka ghorofa ya kwanza, jumba la maduka barabara ya Lamu, Malindi: nyota 2 kati ya 5

Nyota mbili ni za chumba chenyewe: futi 300 za mraba, kioo kipana mbele, maji hayakatiki. Tatu zilizokosekana ni za hesabu.

Kabla hujauliza kodi, uliza habari za supamaketi. Jumba la namna hii linaishi kwa mlango wa supamaketi hiyo. Mtu hufuata unga na sukari, na akitoka ndipo anapotupia jicho madera yako. Kwa sababu hiyo supamaketi hupewa bei nafuu kwa kila futi, na wenye vyumba vidogo ndio hufidia. Nakumatt, kampuni kubwa ya supamaketi, ilipowekwa chini ya msimamizi kwa madeni Januari 2018, majumba mengi nchini yalibaki na shimo katikati. Wa juu ndio huumia kwanza: ngazi za umeme zikishazimwa ili kuokoa stima, mama mwenye mtoto na mifuko hapandi. Dai kifungu cha kupunguziwa kodi supamaketi ikiondoka. Mkataba wangu hauna.

Sasa ada ya huduma, ambayo ndiyo hunyonga watu. Humo mna walinzi, wafagiaji, taka, taa za nje na dizeli ya jenereta. Soma vizuri inagawanywa kwa futi zipi: zote za jumba, au zile zilizopangishwa tu? Chukua mfano wa gharama ya shilingi 600,000 kwa mwezi na jumba la futi 30,000. Ikigawanywa kwa zote ni shilingi 20 kwa futi, yaani 6,000 kwa chumba cha 300. Nusu ya vyumba ikihamwa na mgawanyo ukawa kwa zilizopangishwa, utalipa 12,000 kwa jumba lenye giza zaidi. Anayebaki anamlipia aliyeondoka, naye akichoka anaondoka. Juu ya kodi weka VAT ya asilimia 16, ambayo wengi huisahau wakipiga hesabu za faida.

Kodi haijui masika. Pesa ya wageni huingia Desemba hadi Pasaka, kisha Julai na Agosti; Aprili hadi Juni hoteli kadhaa hufunga kabisa. Mwaka 2014, baada ya shambulio la Mpeketoni, huko Lamu, na maonyo ya safari, na tena 2020 kwa korona, hata msimu wenyewe ulikauka. Atakayesimama ni anayemuuzia mwenyeji. Lakini mwezi wa Ramadhani mwenyeji huyo hununua baada ya tarawehe, hasa kumi la mwisho akitafuta nguo za Idi, na jumba hufungwa saa mbili usiku. Wateja wote huishia maduka ya mjini. Sijui nani alipanga saa hizo; mtu wa Pwani si yeye.

Hewa ya chumvi nayo ina bili yake. Mapezi ya alumini ya kiyoyozi, kile kipande cha nje, huliwa hadi yakamomonyoka kama biskuti. Yaoshe kila mwezi kwa maji ya mfereji, si ya kisima, maana visima vingi hapa vina chumvi. Mlango wa chuma wa kuviringisha utie grisi kwenye springi na reli zote mbili, la sivyo utakwama asubuhi ukiwa nusu. Kwenye paa, kunguru hujaza vijiti kwenye mabomba ya maji ya mvua, na mvua kubwa ya kwanza huteremkia dari ya ghorofa ya juu.

Mkataba wa miaka 5 na miezi 3 usiuone wa ajabu. Sura ya 301 ya sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5: hapandishiwi kodi wala hatolewi bila notisi ya miezi 2, na anaweza kupinga mbele ya baraza la kesi za wapangaji wa biashara. Ile miezi 3 ndiyo hukutoa kwenye ulinzi. Omba kifungu cha kuuvunja mapema bila kosa la mtu. Kikiruhusu hivyo ndani ya miaka 5 ya mwanzo, ulinzi unarudi.

Vyumba vya chini vinavyotazama barabara bado vinafaa. Vya juu viachie daktari wa meno na wakili, ambao wateja wao huja kwa miadi.