Ndoo ya koki, mashine ya kukanyaga au kibuyu chirizi: kipi kikae mlangoni mwa kanisa?

Upepo wa Juni ukianza kuvuma Dodoma, vumbi linapanda, baridi ya asubuhi inauma, na mashemasi wanafunga madirisha ya kanisa. Wiki mbili baadaye mafua yameingia, na nusu ya sauti ya kwanza ya kwaya haina sauti. Hapo kamati inatumwa soko la Majengo au Sabasaba kununua vifaa vya kunawia mikono, na mara nyingi inarudi na kitu kinachopendeza kuliko kinavyofaa.

Kabla ya kifaa, hesabu. Chukua ibada ya watu 300. Mtu anayesimama kwenye koki mwanzo hadi mwisho, analowesha, anapaka sabuni, anasugua kwa sekunde 20 na kusuuza, anakula kama sekunde 35. Kwa koki moja hizo ni karibu saa tatu. Lakini akilowesha, akasogea pembeni kusugua, kisha akarudi kusuuza, koki anaishika sekunde 12 hivi, na koki mbili zinawamaliza wote kwa nusu saa. Kwa hiyo kinachohitajika kwanza ni mhudumu wa kuwaambia watu "sogea huku usugue".

Ndoo ya lita 20 yenye koki ndiyo tunayoipa alama za juu, ila si kila ndoo. Tazama tundu. Nyingi zimetobolewa kwa nondo iliyopashwa moto. Plastiki inayeyuka, kingo zinakuwa na mabonde, na mpira wa koki haukai sawa. Fundi akiona inavuja anakaza nati zaidi, na shingo ya koki inapasuka. Nunua iliyotobolewa kwa drili, yenye mpira ndani na nje, kisha ijaze maji palepale dukani na uisubiri dakika tano. Koki ichague ya mpini mrefu, inayofungwa kwa kiwiko. Ile ndogo ya kuzungusha kwa vidole inamrudishia mtu uchafu alioutoa.

Koki iliyofunguliwa yote hutoa takriban lita 3 kwa dakika, na huwa imekaa juu kidogo ya kitako, hivyo lita kama mbili hazitoki. Ndoo moja basi inahudumia watu 30 hivi, wa mwisho wakipata uzi mwembamba kwa sababu maji yakipungua msukumo nao unapungua. Watu 300 ni ndoo kumi za maji. Kanisa lisilo na bomba karibu lijiulize mapema nani atazibeba. Halafu kuna chumvi. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu, na ukoko mweupe huziba koki ndani ya miezi michache. Ifungue, iloweke kwenye siki usiku mzima, isugue kwa mswaki wa zamani. Ndoo ikae kivulini; jua la huku linaifanya plastiki kuwa kama ganda la yai.

Mashine ya kukanyaga, ile ya fremu ya chuma yenye pedali mbili, moja ya sabuni na moja ya maji, ilijaa kila mlango mwaka 2020. Wazo ni zuri, maana mkono haugusi kitu. Tatizo ni waya. Mafundi wengi wa kuchomelea hutumia waya wa breki ya baiskeli, nao unachanika pale unapopinda kwenye kona ya fremu. Spring ya pedali inashika kutu, pedali hairudi, maji yanaendelea kumwagika. Ya fito imara, inayosukuma koki moja kwa moja bila waya, hudumu zaidi. Mtoto wa shule ya Jumapili wa miaka minne hana uzito wa kuikanyaga, na bibi mwenye magoti mabovu anaogopa kusimama kwa mguu mmoja. Kwa fedha ya mashine moja unapata ndoo kadhaa na koki za akiba.

Kibuyu chirizi ni cha kuhurumiwa, watu wanakidharau bure. Dumu la lita 5, tundu la msumari mmoja upande wa mbele, kama sentimita 12 kutoka kitako, jingine dogo kwenye kifuniko ili hewa iingie, kamba na fimbo ya kukanyaga inayoliinamisha dumu. Mtu mmoja anatumia hata chini ya robo lita. Kasoro yake ni kwamba maji yanajazwa mpaka usawa wa tundu tu, kwa hiyo dumu linaisha upesi. Mlango mkubwa hakiuwezi. Kwa darasa la watoto, au nyumbani jumuiya inapokutana, weka viwili. Hakuna kinachokipita.

Sabuni ya kipande kwenye maji ya chumvi haitoi povu, inaacha utando. Tumia sabuni ya unga: gramu 30 kwenye chupa ya maji ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko kwa pini. Haiibwi pia, tofauti na kipande. Kitakasa mikono kiwe na kileo cha asilimia 60 au zaidi, na hakisaidii mkono uliojaa vumbi. Kisikae karibu na mishumaa.

Sasa, kunawa peke yake hakutoshi. Homa ya mafua husafiri zaidi kwa hewa na matone ya chafya, na mtu huanza kuambukiza siku moja hivi kabla ya kujisikia vibaya. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe hata kama vumbi litaingia. Vitambaa vya altare vitafuliwa. Maikrofoni ipanguswe kati ya mwimbaji na mwimbaji. Na kile kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kwa kamba kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kando ya chumba cha mazoezi ya kwaya, kitolewe leo.

Mgonjwa abaki nyumbani hadi homa iishe kwa saa 24 bila dawa ya kuishusha, na asijisikie ametoroka zamu. Hapa ndipo jumuiya inapofanya kazi ambayo ndoo haiwezi. Mmoja alete uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na kuuacha mlangoni, mwingine achote maji, mwingine apige simu asubuhi na jioni. Maswali ya simu ni matatu: unapumua vizuri? unakunywa na kukojoa? homa iliyopoa imerudi? Jibu baya kwa lolote ni safari ya kituo cha afya, na mapema zaidi kwa mjamzito, mzee, mtoto chini ya miaka mitano, mwenye pumu, kisukari au selimundu. Homa yoyote ipimwe malaria, mafua hayaizuii. Antibayotiki zilizobaki kabatini hazitibu kirusi. Asali kwenye chai ya tangawizi ni sawa, isipokuwa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na aspirini wasipewe watoto.

Ukinunua ndoo mbili, nunua koki tatu. Ya tatu ikae kwa mlinzi pamoja na spana, maana koki hupasuka Jumapili, duka likiwa limefungwa.