Vikao vinane vya ushauri nasaha Sinza: ninachokisifu na kilichoniudhi

Jina la kituo sitaji, maana nina la kulalamika.

Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo bandarini Dar. Baada ya mwaka mzima wa kulala saa nane usiku na simu mkononi, akili iligoma. Nafungua TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha, naikodolea macho dakika arobaini, sijui nianzie wapi. Kontena la mteja likaingia kwenye tozo za kuhifadhi mzigo, na karatasi zote ninazo kwenye droo!

Mapokezi, kabla hata sijamwona mshauri, waliniuzia "mazoezi ya ubongo" kwenye tableti, shilingi 120,000. Wiki tatu napanga matufe ya rangi. Nikawa bingwa wa matufe, na bado nikasahau kumchukua mwanangu shuleni.

Mshauri ni mama wa makamo, si msemaji sana. Kwanza alinituma nikapime presha, sukari na tezi ya shingoni. Hapo nikaanza kumwamini. Akanieleza kwamba kupanga, kuchagua na kujizuia hutegemea sana sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, nayo msongo wa muda mrefu huidhoofisha. Nikamuuliza, "Mama, inarudi?" Akanitajia utafiti wa Marekani wa 2009: wanafunzi wa udaktari waliosongwa na maandalizi ya mtihani walipata shida kuhamisha umakini kutoka jambo moja hadi jingine. Walipopumzika mwezi mmoja, wakawa sawa na wenzao.

"Ila mtihani wako wewe, mdogo wangu, hauna tarehe ya kuisha. Tuupangie."

Basi tukaupangia. Simu inazimwa saa mbili usiku, kitandani saa nne. TANSAD asubuhi, kabla ya WhatsApp. Juu ya kila faili naandika hatua moja tu inayofuata. Jioni nashuka Mwenge, natembea hadi nyumbani. Wateja wawili nikamwachia mwenzangu, na hilo liliniuma kuliko ada.

Wiki ya saba nilimaliza TANSAD tatu kabla ya saa sita mchana. Alasiri bado sijiamini na hesabu za ushuru. Naziacha hadi kesho yake.

Kikao ni 50,000, bima hawapokei, na Jumamosi pa kuegesha gari hakuna. Mshauri nampa nyota tano, mapokezi moja. Ukienda, omba kumwona yeye kwanza. Tableti waachie wenyewe.