Dawa ya kupulizia paa la nyasi: inafaa, ila mvua ni adui yake

Dawa hizi za kuzuia nyasi kushika moto, nyingi zikiwa za chumvi za fosfeti au boraksi, zinafanya kazi kweli: nyasi zilizolowa dawa vizuri huungua zikawa nyeusi, kisha moto hufa ukiondoa kiberiti. Tatizo ni mvua. Chumvi huyeyuka na kuchuruzika, hivyo upande wa nje huisha nguvu kwanza. Pulizia nyasi zikiwa kavu kabisa, juu na chini. Mafundi wengi huruka mgongo wa paa na ncha za ukingoni, palepale cheche zinapotua! Kila baada ya masika, chomoa kicha kidogo, kipeleke mbali na nyumba, ukiwashe. Kikiendelea kuwaka chenyewe, pulizia upya. Bomba la moshi linalopenya nyasi ni habari nyingine: joto hujikusanya ndani, dawa haifiki huko.