Fundi alimwambia mke wangu apunguze ugali, kumbe shokapu hazikuwa zimesetiwa

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa.

Nina pikipiki, Boxer. Siku za kazi napanda mwenyewe kutoka Kihonda kwenda mjini, haina neno lolote. Jumamosi nampakia mke wangu twende kwa mama yake Mzumbe, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kila tuta nyuma inazama yote, halafu ko! Chuma kwa chuma. Usiku ndiyo balaa, maana nyuma ikilala taa ya mbele inatazama juu, na kila gari linalokuja linakupigia taa kwa hasira.

Nikaipeleka gereji moja hapa Morogoro, siitaji jina. Tulikwenda wote wawili, mke wangu ameshika helmeti yake mkononi. Fundi hakuinama. Hakuisimamisha kwenye stendi kubwa, hakukaa hata kwenye siti aone nyuma inashuka kiasi gani. Alimtazama mke wangu juu mpaka chini, akasema: "Kaka, shokapu zimekufa, weka mpya. Ila na shemeji naye apunguze ugali." Vijana waliokuwa wanaziba pancha pembeni wakaangua kicheko. Mke wangu akatoka, akaenda kusimama barabarani, juani, mpaka kazi ikaisha.

Na mimi nikalipa. Shilingi 80,000 za shokapu, ufundi mbali. Jumamosi iliyofuata, tuta la kwanza tu: ko!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, anatengeneza baiskeli chini ya mwembe. Aliniuliza swali ambalo kule gereji hakuna aliyeliuliza: "Unapanda peke yako au mnapanda wawili?" Akaomba zana zinazokuja na pikipiki, akachomoa ile spana iliyopinda kama ndoana, ambayo sikuwahi kuigusa. Akanionyesha pete iliyoshika springi, ina ngazi ngazi. Kulia ilikuwa ngazi ya kwanza. Kushoto ya tatu. Yaani walizifunga zilivyotoka kwenye boksi, hata kuzilinganisha hawakuzilinganisha! Akaweka zote mbili ya nne.

Alinieleza polepole, nami naeleza hapa kwa anayebeba mtu. Ile pete haiigeuzi springi kuwa ngumu. Inaibana tangu mwanzo, nyuma inakaa juu zaidi, kwa hiyo mtu wa pili akipanda inabaki nafasi ya kushuka kabla ya kugonga. Ukiwa peke yako irudishe chini, la sivyo kwenye rasta tairi inarukaruka na kiuno chako ndicho kinacholipa. Pande zote mbili ziwe ngazi moja, siku zote. Akaangalia na cheni, kwa sababu nyuma ikipanda au ikishuka mlegezo wake nao unabadilika. Tairi la nyuma akaliongeza upepo. Chai niliyomwagizia ilikuja kazi imekwisha.

Nikamletea na zile shokapu za zamani. Akazikandamiza, akapitisha kidole kwenye fimbo yake: kikavu, hazivuji hata tone. Nilitupa hela kwa kitu kizima.

Nisiwanyime haki yao. Gereji ile ile iliwahi kunifungia klachi, na mpaka leo inashika vizuri. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wapelekeeni kazi za injini, za shokapu msiwape. Lakini nilimpigia fundi simu nimweleze kuhusu ile pete, akajibu: "Mwambie shemeji asikasirike bwana, ulikuwa utani." Utani una wenyewe. Yule hajawahi kukaa na sisi hata kunywa maji, anapata wapi utani na mke wangu mbele ya vijana? Kwa hiyo nafuta. Msiwapelekee hata pancha.

Pikipiki sasa haigongi. Juzi tulikuwa tunakaribia matuta, nikahisi siti ya nyuma imekuwa nyepesi ghafla. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye vikanyagio, kanishika mabega, ili asiielemee.