P.S. I Love You: nimeisoma nikiwa mjane, haya ndo maoni yangu

Hiki kitabu alinipa shoga angu mwaka wa pili tangu mume wangu afariki, nikakitupia juu ya kabati miezi kama mitatu maana nilijua tu ni vilevile, mwanamke analia, anatokea mwanaume mzuri, mwisho harusi. Kumbe wala.

Holly wa Dublin, hata 30 hajatimiza, mumewe Gerry kafa kwa uvimbe kwenye ubongo, kamwachia bahasha kumi, ya kufunguliwa moja kila mwezi, Machi mpaka Desemba. Ya Machi inamwambia nini? Akanunue taa ya kitandani. Basi! Eti kila usiku walikuwa wanagombana nani ainuke akazime taa. Jamani hapo nilikifunga. Kwetu swichi iko mlangoni na yeye ndo alikuwa analala upande wa mlango, miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuzima taa mimi, alivyoondoka nikawa nalala taa inawaka mpaka asubuhi, luku inakata nanunua tena na sitaki mtu aniulize.

Kilichonikosha ni kwamba mwandishi, Cecelia Ahern, hamkimbizi mtu kwenye mapenzi mapya. Kuna Daniel mwenye baa, we msomaji unamsukumia Holly huyo huyo, mwandishi anakuchenga, siwamalizii utamu. Mi nilivyotoka eda tu shangazi kashaniletea majina mawili, mmoja ana wake tayari. Na kaandika akiwa na miaka 21, sijui alijuaje haya mambo ya kunusa shati la marehemu.

Ila aliyeniliza zaidi si Gerry, ni Richard, yule kaka mkubwa mkavu asiyejua kuongea na watu, ndugu wote wanamkwepa, kumbe ndo alikuwa anakuja kimyakimya kumtengenezea Holly bustani. Huyo kaka kila ukoo anaye.

Kasoro zipo. Zile purukushani za ulevi na mashoga zake ni ndefu mno, nyingine niliruka. Halafu Holly anakaa miezi hana kazi na madukani anaenda, hapo tulipishana kabisa, mi nipo ndani ya eda, arobaini haijafika, mwenye fremu anapiga simu anauliza kodi. Na kuna muda hizo barua zinakera, mtu kafa bado anakupangia uimbe karaoke lini!

Kiingereza chake chepesi, hutahitaji kamusi. Muvi ya 2007 mnaweza kuiacha, wameihamishia New York ikapoteza ladha ya ile familia.

Nyota nne. Taa nimenunua, Kariakoo, 15,000, ila waya mfupi haufiki kwenye soketi, imebidi niweke ekstensheni inayopita chini ya kitanda upande wake.